Nilitoroka Wodini, Kisha Nikamwangusha Mke Wangu

Bi Fakhria, shikamoo. Nisaidie, maana nikiendelea kulificha jambo hili litaniua, na sisemi kwa mafumbo, nasema kufa kwenyewe.

Nina miaka ishirini na sita, nafuga nyuki huku Kwihara, mke wangu Recheli ana mimba ya miezi mitano. Tangu nikiwa na miaka kumi na tisa moyo wangu huanza ghafla kwenda mbio, nimekaa tu, nakula tu, unapiga mpaka shati linatikisika, halafu unatulia wenyewe, nami nikanyamaza kwa sababu baba yangu alianguka shambani akafa akiwa na miaka thelathini na nne, nikaogopa kuambiwa zamu ni yangu. Mwaka jana nilizimia juu ya mti nikirina asali, kamba ndiyo iliyonishika, nikapimwa, nikapelekwa Dar es Salaam, daktari akasema moyo wangu una njia ya ziada ya umeme, nimezaliwa nayo, naweza kumeza vidonge kila siku au wapitishe waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni waichome njia hiyo. Nikakubali waya, nikatia saini. Asubuhi yenyewe nikamsikia muuguzi anasema, "Huyu wa moyo aandaliwe," nikavaa suruali, nikatoka kama naenda chooni, nikapanda treni ya Tabora na utepe wa wodini ungali mkononi. Recheli nilimwambia wameniona mzima.

Vidonge nilivyopewa nikisubiri waya nilivimeza kwa siri, vikanichosha, nikaacha. Mwezi uliopita nilimpakia Recheli kwenye pikipiki kwenda kliniki, giza likanijia machoni, nilipozinduka tuko mtaroni na mkono wake umevunjika. Mtoto tumboni ni mzima. Aliponiuliza, "Kumetokea nini?" nikasema mbuzi alikatiza. Sasa anawasimulia watu kanisani jinsi mumewe alivyomkwepa mbuzi, wananipa mkono wa pongezi, nami siwezi kuwatazama usoni. Nauogopa ule waya, naogopa kufa kitandani hospitalini kwao, na naogopa zaidi Recheli atakavyonitazama akijua. Nifanye nini?

Shilinde (majina yetu nimeyabadilisha)

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Aliyempoteza baba namna ile ana haki ya kuogopa. Lakini kumpakia mke mjamzito huku ukijua unazimia, hapo ulipaswa kuogopa, nawe hukuogopa.

Nimemuuliza daktari wa moyo. Anasema kifua hakipasuliwi. Pajani unatiwa ganzi, na wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Kwa mtu anayezimia kama wewe, hiyo ndiyo tiba anayoitanguliza, maana walio wengi hupona kabisa. Hatari ipo, ni ndogo, na una haki ya kumkalisha daktari wako akueleze yote. Vidonge navyo ni tiba, ila hutuliza tu. Vikikuchosha unarudi ubadilishiwe, huviachi kwa uamuzi wako. Kutoroka hakumo katika tiba ulizotajiwa.

Kuanzia leo huendeshi pikipiki wala hupandi mti. Asali arine mwingine. Moyo ukianza mbio, kaa chini. Ukiona giza, lala, na upelekwe hospitali hata kama moyo umetulia. Kesho asubuhi nenda hospitali ya mkoa, sema kila kitu, pamoja na kutoroka, waombe wakurudishe kwa yule daktari. Hutakuwa wa kwanza kuwarudia. Waeleze pia kifo cha baba yako, na ndugu zako wapimwe.

Kabla ya hayo, leo, mwambie Recheli kwamba hakukuwa na mbuzi. Atakasirika, na ana haki. Usijitetee, usimwambie ulifanya hivyo kwa kumpenda. Akimaliza kusema, mwombe mwende wote Dar, ili safari hii awepo mtu wa kukaa kando ya kitanda chako.

Namba ya simu uliyoandika chini ya barua niliipiga Jumanne. Ulipokea, ukasikia jina langu, ukakata. Nitapiga tena Ijumaa, saa nne asubuhi. Apokee Recheli.