Achari Imeota Ukungu, Nikamlaumu Binti Yangu Mbele ya Watu

Mpendwa Bi Hija,

Shikamoo. Naomba unishike mkono, maana naandika haya mezani jikoni, na nikimwambia mtu yeyote hapa Mbagala kesho mtaa mzima utakuwa unajua.

Nina watoto watatu, wavulana wawili na binti wa miaka kumi na mitatu, nimwite Huda ingawa si jina lake. Kila mwaka embe zikikaribia kwisha natia achari ndoo mbili, ya kula wenyewe na ya kugawia ndugu, na kwetu tangu enzi za bibi mwanamke aliye kwenye siku zake haigusi achari, hata kifuniko hafungui, ikiharibika tunajua kuna aliyegusa, na mimi nimefuata hivyo miaka yote bila kuuliza.

Safari hii kazi ilinishinda. Joto la Februari unalijua, wavulana wanapigana kibarazani, mmoja akakanyaga ungo wa embe nilizokwisha kukata na kuanika, nikaziokota nikazisuuza nikazirudisha juani, mara wingu likashuka na manyunyu yakanikuta naanua huku nafoka, mwingine analia njaa, Huda kajifungia chumbani namwita aje anisaidie kumenya vitunguu saumu haitiki, basi kwa hasira nikazitia zote kwenye ndoo jioni ileile ili niondokane nazo.

Baada ya siku kumi wifi yangu Hamisa akaja kutoka Kibamba kuchukua fungu lake, majirani wawili nao wapo, nikafungua ndoo, ukungu mweupe juu na harufu imenikaba. Nikamgeukia Huda.

"Wewe! Umegusa hii ndoo? Uko kwenye siku zako?"

"Nilionja kidogo tu siku ile ulipoitia, mama," akasema, machozi yanamlengalenga.

Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Umetia najisi kazi yangu yote." Kaka zake wakacheka.

Huda alifungasha nguo akaondoka na Hamisa jioni hiyo. Leo siku ya kumi na moja. Shule haendi, mwalimu nimemdanganya kuwa anaumwa. Halafu juzi Hamisa akanipigia akaniambia kumbe siku ile ya kuanika, Huda alipojifungia, ndiyo alikuwa ameingia hedhi kwa mara ya kwanza na hakujua afanye nini, na sasa amekataa kushika unga, amekataa kuchota maji ya kunywa, na Hamisa ana mtoto wa miezi miwili, alipompa ambebe akarudi nyuma akasema, "Shangazi, usinipe, ataharibika."

Bi Hija, tangu niambiwe hayo usingizi sina. Mimi sikuwahi kumwambia chochote, kwetu mama hasemi na bintiye mambo hayo, ana somo wake wa kumfunda, na somo ni huyo huyo Hamisa, nilikuwa nangoja amalize darasa la saba ndipo nimkabidhi. Nimemtumia kanga mpya na ujumbe mwingi, hajibu. Hamisa anasema, "Wifi, mie yangu nimeshamfundisha, yaliyobaki yako." Naogopa nikienda atanikimbia, naogopa nisipokwenda nitampoteza. Nimwache hasira zimtoke? Baba yake akamchukue? Na nikiitupa desturi ya bibi, si nitakuwa nimemdharau marehemu?

Mama mwenye hofu, Mbagala

BI HIJA ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Vuta pumzi, halafu usikilize, kwa sababu sitakubembeleza.

Tuanze na ndoo. Umeniandikia mwenyewe kilichoiozesha, ila hukujisoma. Embe umezisuuza, mvua imezigusa, na jioni hiyohiyo umezitia ndooni na maji yake. Embe ya namna hiyo itaota ukungu hata akiitia nani. Mimi nimetia achari miaka thelathini na tano, na siku zangu zilinikuta kazini mara nyingi tu, sikumwambia mtu, na wakwe zangu walilamba vidole.

Najua watoto wanachosha. Joto lile, magomvi yale, ningekuwa mimi ningefoka pia, na kufoka kungesameheka. Lakini ulipoona hasara ulitafuta wa kumtwika, na ukamtwika mtoto ambaye hata hajui kilichompata. Hapo umekosea sana, na nimekukasirikia.

Unaniuliza umwache hasira zimtoke. Hasira zipi? Mtoto anayeogopa kubeba kichanga ana hofu ya mikono yake mwenyewe, na hofu hiyo umempa wewe. Kila siku unayongoja inazidi kuota mizizi. Kuhusu bibi, mwombee dua upumzike. Marehemu hadaiwi heshima kwa kumuumiza kitukuu chake.

Kesho alfajiri nenda Kibamba. Usitume kanga tena, usimtume baba yake. Hamisa ni somo na kazi yake ameifanya, lakini radhi haiombwi kwa niaba. Ukifika usihutubu. Mwambie, "Achari niliiharibu mimi. Wewe huna najisi. Nisamehe." Useme Hamisa akisikia, kwa kuwa alisikia na yale ya kwanza. Kisha umwombe Huda akupakulie chakula kwa mkono wake, na ukile mbele yake mpaka kiishe.

Ukirudi nyumbani, wakalishe wavulana uwaambie maneno hayohayo, na atakayecheka aoshe vyombo mwezi mzima. Wale majirani wawili nao waendee. Utaona aibu, najua, mwenzio ameibeba siku kumi na moja. Mwalimu mwambie ulimdanganya, mtoto arudi darasani Jumatatu.

Akikataa kurudi nawe siku hiyo, usimvute. Lala hukohuko, chumba kimoja naye. Na akikuuliza mara yako ya kwanza ilikuwaje, usimrudishe kwa somo. Mwambie ulivyoogopa.