Mkate wa Colman

Woodquay,
Galway.
11 Machi, 2024.

Mpendwa Mjomba Malachy,

Hilo neno "mpendwa" limeandikwa na mkono uliozoea, usilishikilie sana. Shikamoo nakupa kwa kuwa wewe ni kaka wa mama, na mimi nimelelewa. Vipi hali huko Boston? Vipi presha, na ule mguu uliotuandikia habari zake kurasa mbili nzima wakati wa Krismasi? Namwomba Mungu uwe na afya tele, maana nataka uisome barua hii mpaka mwisho, umekaa vizuri na miwani umevaa.

Sisi hapa hatujambo. Mvua haijakatika tangu Januari na mto umejaa mpaka ukingoni. Goti la kushoto la mama bado linamsumbua, lakini ngazi anapanda mwenyewe, na ukimshika mkono anakufokea. Misa ya kumkumbuka baba tuliifanya mwezi uliopita kama kawaida. Kadi yako haikuja, kama kawaida.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita mimi Attracta, ambaye sijawahi kuonja bia tangu nizaliwe, nilinunua tiketi ya kuzungushwa baa kwa baa pamoja na watalii. Usicheke. Concepta, jirani yetu wa mlango wa pili, ndiye aliyeninong'oneza kwamba katika ule msafara wa walevi unaopita mtaani kwetu kila jioni, baba anatajwa kwa jina lake na watu wanacheka. Sikumwamini. Unamjua Concepta, habari yake lazima uichuje mara mbili kabla ya kuimeza. Nikaona niende nikasikie kwa masikio yangu.

Tulikusanyika Eyre Square. Tukafungwa bangili za karatasi za njano mkononi kama ng'ombe wa mnadani. Kiongozi wetu alikuwa kijana anayeitwa Fiachra, mtu wa Athlone, mdomo haumtulii, anapunga gongo la kuchezea hurling, ule mpira wetu wa magongo, lililofungwa kitambaa cha njano ili asipotelewe na kundi lake. Aliponiona na koti langu la kanisani akaniuliza kama nimepotea, maana misa iko upande wa pili. Nikamwambia nimelipa kama wenzangu, atangulie. Akasema, sawa bosi.

Mjomba, nimeona mambo. Kuna Waingereza walimvalisha bwana harusi wao gauni la bibi harusi na taji la plastiki, wakamnywesha mpaka akawa anaiomba radhi nguzo ya taa. Kuna msichana wa Kijerumani alilia kuanzia baa ya kwanza na hakuna aliyemuuliza kisa. Na hakuna anayemnunulia mwenziwe! Hapa kwetu, ambapo mtu akikwepa zamu yake ya kununua vinywaji, wajukuu zake watasemwa, hawa kila mmoja anakunywa glasi yake peke yake kama mgonjwa na dawa yake. Wanagida, wanapiga picha, wanahama. Mimi na soda yangu ya limau nilikuwa mtu mzima pekee mle ndani, na simaanishi umri.

Baa ya tatu ilikuwa kwa Tarpey. Unapajua. Fiachra akapanda juu ya stuli, akagonga dari kwa gongo lake watu wanyamaze.

"Hapa, jamani," akasema, "ndipo alipokuwa akinywa Colman Lohan, mwoka mikate aliyekanda unga kwa wiski badala ya maji."

Akaendelea. Ati baba alikuwa akienda kazini alfajiri na chupa ndani ya mfuko wa unga. Ati kila asubuhi alimpelekea mama mkwe wake mkate wa kwanza, uliochanjwa msalaba juu, na kila asubuhi akauacha kwenye dirisha la nyumba isiyo yenyewe. Ati siku moja akauona mwezi ndani ya mfereji, akadhani ni mkate umemdondoka kikapuni, akajitosa kuufuata. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu Tarpey akapitisha toti za wiski zenye krimu nyeupe juu. Kinywaji hicho kinaitwa Mkate wa Colman, kimeandikwa kwa chaki ukutani. Kabla ya kukimeza wote hupaza sauti kwa pamoja: "Umeiva!"

Baba yangu, aliyeapa kutogusa kileo akiwa na miaka kumi na sita, akavaa beji ya Moyo Mtakatifu, ile ya walioapa kutokunywa, kwenye kola ya koti lake kila siku ya maisha yake, na akazikwa nayo. Nilisikia aibu na hasira vikinipanda pamoja. Nilitamani kumwangusha yule mtoto kutoka kwenye stuli yake.

Aliposhuka nikamuuliza hadithi hiyo kaitoa wapi.

"Kwa shemeji wa marehemu mwenyewe, mama," akanijibu, hana wasiwasi. "Mzee mmoja wa Boston, mcheshi kweli kweli. Alikuja kiangazi kilichopita, akawanunulia watu wote humu ndani. Mwezi wa sita anarudi, na anatuletea bamba la shaba tulipachike ukutani hapo."

"Marehemu ana watoto, unajua?"

"Ah, ni hadithi tu. Watu wa zama hizo si wameshakwenda wote?"

"Mimi ni binti yake."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Lakini hata hivyo alijikaza akaniambia si juu yake, Tarpey ndiye anayeitaka hadithi, kwa kuwa toti hiyo ndiyo inayouzwa kuliko zote.

Kwa hiyo ile "zawadi kwa ukoo" uliyotuandikia wakati wa Krismasi, ile ambayo hukutaka kuisema ni nini, ndiyo hiyo. Hongera.

Ulikuwa hapa kiangazi! Ulikanyaga Galway, ukapita chini ya dirisha la dada yako, ukaenda kwa Tarpey kumuuza mume wake kwa vicheko, ukarudi Boston bila hata kubisha hodi. Na ule mkate wenye msalaba, hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyejua habari zake. Haukuachwa kwenye dirisha la mtu mwingine hata siku moja. Uliachwa kwenye dirisha la bibi, mama yako mzazi, na aliyeula ni wewe, maana mwaka ule aliokufa baba ulikuwa huna kazi na hutaki kazi.

Tuyaseme basi, tumenyamaza mno. Mlevi wa alfajiri ile ulikuwa wewe. Ni wewe uliyetoka kunywa usiku kucha ukatumbukia mferejini penye lango la maji. Baba alikuwa njiani kwenda kuwasha tanuri, akakusikia unapiga kelele, akaingia na viatu vyake vizito. Akakusukuma mpaka kwenye ngazi za mawe, wewe ukapanda, maji yakamvuta yeye chini ya lango. Mimi ndiye niliyekufungulia mlango. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulikuwa umelowa chapachapa, unanuka pombe, na neno pekee lililokutoka ni jina lake.

Mama ndiye aliyetuomba tuseme aliteleza gizani. Bibi alikuwa mgonjwa, na mtaa ungekula nyama yako mbichi. Tukasema aliteleza. Sasa mji huu unajua ni watu wa namna gani wanaoteleza kwenye mfereji saa zile, kwa hiyo wakajijazia wenyewe yaliyobaki. Shuleni wasichana walikuwa wakinipitia nyuma wanajifanya wana kwikwi ya ulevi. Nikameza. Wewe ulipanda ndege kabla jiwe la kaburi halijasimama, na mama akasema mwacheni, ni kijana bado, ana uchungu wake.

Kunyamaza tulikupa. Kumsingizia hatukukupa. Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda huwapiga walio hai wanaoweza kukwepa.

Nilikaa na jambo hili karibu wiki nzima nikiogopa kumwambia mama. Nilidhani litamuua. Mwishowe nikamwambia akiwa anamenya viazi jikoni, nikamweleza yote, mwezi, toti na ile "Umeiva". Hakuinua kichwa. Akamaliza kiazi kilichokuwa mkononi, akakitia majini.

"Nilimpa kaka yangu kimya changu ajisitiri nacho," akasema. "Sikumpa amvue nacho mume wangu."

Kisha akaniuliza ule msafara hufika kwa Tarpey saa ngapi.

Jumamosi tulikwenda. Mama, Mjomba, ambaye hajawahi kuvuka kizingiti cha baa ile, si kwa arusi wala kwa matanga. Alivaa koti lake jeusi na hakutaka nimshike mkono. Fiachra alipotuona tumekaa pale karibu na kaunta akasahau maneno yake katikati ya sentensi. Tarpey akaja mbio na tabasamu lake la biashara.

"Nonie, mama yangu, hapa si mahali pako. Kaa kule kwenye moto nikuletee chai."

"Chai nitakunywa nikimaliza," mama akamwambia.

Hakupanda stuli. Aliegemea kaunta kwa kiwiko, akasema yeye ni mjane wa Colman, na akawaeleza. Maneno yake hayakuzidi ya mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda posta. Mume wangu alikuwa hanywi. Alikuwa anakwenda kazini. Alimsikia mtu ndani ya maji, akamtoa, yeye hakutoka. Basi. Mwanzoni walidhani ni sehemu ya onyesho, wengine wakawa wanacheka na kutoa simu zao. Bwana mmoja, naye na taji la plastiki kichwani, akainua toti yake akapiga kelele, "Umeiva!"

Mama akamgeukia.

"Haukuiva, mwanangu," akasema. "Siku ile tanuri halikuwashwa. Mtaa mzima walikula viazi asubuhi, wakawa wanauliza mwokaji yuko wapi."

Yule bwana akalivua taji lake. Msichana mmoja aliyekuwa mbele akauliza, kwa sauti ndogo, kijana aliyeokolewa ikawaje. Mama akamjibu kwamba yupo, ni mzima, ana wajukuu. Na jina lake?

"Jina ni lake," mama akasema. "Nimemwachia mwenyewe."

Mimi ningelitaja, Mjomba, nikaongeza na namba ya nyumba yako. Nilimwambia mama hivyo njiani tukirudi. Mpaka leo sijaridhika.

Jumatatu Fiachra alikuja nyumbani, kavua kofia, kaleta mkate wa dukani, mjinga yule. Akaomba ruhusa aisimulie kama mama alivyoisimulia. Mama akamkubalia kwa sharti kwamba pombe isipewe jina la mume wake tena. Tarpey amenuna mpaka leo, lakini chaki imefutwa ukutani. Lile bamba lako la shaba limefika wiki iliyopita, limechorwa mwezi na mkate, na jina lako chini yake kwa herufi kubwa kuliko la baba. Tarpey alitaka kulitupa. Mama akamwambia aliweke, mwenye nalo atakuja kulichukua.

Basi ndivyo ilivyo sasa. Kila jioni Fiachra anaisimulia, na watu wa mtaa nao wameanza kuingia kusikiliza, hata wale wasiokunywa. Concepta amekwisha kupiga hesabu ya vijana waliokuwa hapa mwaka ule na waliohama, na hesabu yake haimalizi hata vidole vya mkono mmoja. Kila jioni kuna mtu anayeuliza jina la yule kijana, na Fiachra anajibu alivyoambiwa na mama: atakuja mwenyewe mwezi wa sita kulitaja.

Kwa hiyo njoo, Mjomba. Mama amekwisha kukutandikia kitanda kwenye chumba cha nyuma, mimi nilikataa akakitandika mwenyewe na goti lake. Njoo usimame kwa Tarpey, mbele ya watu, useme. Au usije. Hapo pia watakuwa wamejibiwa.

Nisalimie mkeo Lorraine, na binti yako Maureen, na wale wajukuu ambao hawana kosa lolote. Waambie walikuwa na babu aliyeitwa Colman, alikuwa hanywi, na bila yeye wao wasingezaliwa. Concepta hakusalimii. Mama anakusalimu, na amenisimamia hapa nyuma mpaka niiandike salamu yake.

Mungu akufikishe salama, na akupe kinywa cha kusema.

Wako akupendaye kwa shida,

Attracta,
binti wa Colman mwoka mikate.