Maziwa ya Mbwa Asiyezaa

Mama Alphonsine, salamu kwako, mimi ni msikilizaji wako wa redio hapa Bunia na shida yangu ni ya mbwa, usicheke, kwa sababu sasa imefika kwa watu. Mbwa wetu jike, Mina, alifuatwa na madume miezi miwili iliyopita, kisha tumbo likajaa, chuchu zikavimba, akaanza kujitandikia gunia jikoni, na jirani yetu Marcellin, ambaye alikimbia vita na amerudi juzi tu kwenye nyumba isiyo na mlango wa maana, akaomba mtoto mmoja wa Mina wa kumlindia nyumba, bwana wangu Ézéchiel akamjibu tutaona. Sasa tumbo limeshuka, maziwa yanatoka, Mina amekumbatia kiatu cha mwanangu na ukimsogelea ananguruma, lakini watoto hawapo, na gunia ni safi, hata tone la damu hakuna, na Ézéchiel, aliyekulia nyuma ya ng'ombe za baba yake, anapiga kelele, "Ngombe haiwezi kutoa maziwa bila kuzala! Imbwa yetu ilizala, Marcellin alibeba batoto!" Alisema hivyo bombani mbele ya watu wote, Marcellin akajibu tu, "Miye sikugusa imbwa yenu," akabeba bidoni yake ya maji akaenda, na tangu hapo mke wake hanisalimu, wakati tulikuwa tumeanza kuombana chumvi kama zamani. Jumatatu Ézéchiel anampeleka Marcellin kwa chefu wa karitié, mkuu wa mtaa wetu. Mimi kila asubuhi ninamkamua Mina asiumie, na ninaogopa, mama, maana huku tumeshaona neno dogo linafika wapi.

Léontine, Bunia

Léontine, sicheki. Mumeo anajua ng'ombe, lakini mbwa hajui. Mbwa jike akishapita siku za kutafuta dume, mwili wake hujiandaa kwa karibu miezi miwili kama wa mwenye mimba, awe ameshika au hakushika. Mwisho wake wengine huvimba, hutoa maziwa na kulea hata kiatu. Veterineri, daktari wa wanyama, huiita mimba ya uongo. Uchawi haumo, na mwizi hayumo. Na wewe jibu ulikuwa nalo jikoni kwako: mbwa aliyezaa hutokwa na uchafu wenye damu kwa wiki kadhaa, sasa gunia lingekuwaje safi? Mbona hukumwambia mumeo?

Acha kumkamua! Unavyokamua ndivyo maziwa yanavyozidi kuja. Mtembeze, kiatu kiondoe akiwa nje, na maziwa yatakauka baada ya wiki mbili tatu. Akianza kunywa maji kupita kiasi, akikataa chakula, au usaha ukimtoka, mkimbize kwa veterineri siku hiyohiyo, kwani kizazi kikioza kinaua. Hata sasa mwite ampapase tumbo, na Ézéchiel asimame hapo asikie kwa masikio yake.

Kisha Marcellin. Pole yangu yote ni kwake. Mtu ametoka kwenye hema za wakimbizi, ameomba kimbwa kimoja ili apate usingizi, mkampa jina la mwizi. Habari ya chefu ifutwe leo. Ézéchiel aende kwa Marcellin kabla ya Jumatatu, apige hodi, aseme, "Nilikosa." Aende mwenyewe. Asikutume wewe.