Sarafu za Kalenga Haziendi kwa Alphonse

Jumamosi, tarehe 1 mwezi wa tatu 1986

Wiki sita za ndoa, na leo nimemwumiza Kalenga wangu! Alirudi na gari la moshi la Kabalo, mfukoni sarafu ya kumi na saba — ile ya Katanga, yenye ndizi. Papa Basile, mwalimu wake wa zamani na mjuzi wa sarafu, aliipa daraja la kwanza: kila ndizi inahesabika. Nami nikaisugua kwa majivu na ndimu, kama sufuria ya kumpokea mama mkwe. Iling'aa! Papa Basile akaitazama kwa lupu, kioo chake cha kukuzia, akaishusha daraja la tatu. Ule weusi wa zamani, kumbe, ndio heshima yake.

Kalenga hakugomba. Alisema tu kwamba labda zote ziende kwa kaka yake Alphonse, mwenye kabati la chuma. Huku kuna unyevu wa ziwa, na... Hakumaliza. Nilimalizia mwenyewe: na mke anayesugua.

Hazitoki humu! Nimemwomba Kalenga siku nane za kuzitunza. Papa Basile atazipima upya Jumapili ya tarehe 9.

Jumatano, tarehe 5

Sanduku langu la arusi! Vitenge vya mama mkwe nimevihamishia kwenye gunia safi, chini ya kitanda. Pembe zote nne nimeweka vifuko vya mchele uliokaangwa, unywe unyevu. Kila sarafu na karatasi yake, daraja la kwanza juu.

Kalenga kaleta tatu zaidi, za Wajerumani, kutoka Kigoma. Akaniita mkuu wa stesheni, eti mabehewa yangu yana madaraja. Nimecheka hadi machozi. Mume gani huyu!

Jumapili, tarehe 9

Ishirini, na hakuna hata moja iliyoshuka!

Papa Basile alinusa mchele, akauliza nani kanifundisha. Mama yangu, kule Niemba — ndivyo anavyotunza chumvi masika. Akamgeukia Kalenga:

"Kabati la chuma linatoka jasho. Muachie huyu mwanamuke ufunguo."

Kalenga kaufunga kwa uzi, kanivika shingoni mwenyewe. Nampenda, nampenda!

Jumanne, tarehe 11

Mama Philomène, mama mkwe, ameshuka na mashua ya Moba bila taarifa. Kala samaki wangu, kasifu. Kisha kasema Alphonse anazingoja sarafu, na yeye mama ndiye atakayempelekea. Na kabla ya hapo:

"Bibi arusi, leta sanduku. Nione vitenge vyangu."

Ni haki yake. Kwao mama mkwe hufunguliwa sanduku, aone kama zawadi zake zimetunzwa.

Nilimtazama Kalenga. Angeweza kusema ufunguo umepotea. Badala yake alibeba sanduku mwenyewe, akaliweka miguuni pa mama yake.

"Mama, sarafu njo ziko humu. Na ufunguo uko na mwenye nyumba."

Mwenye nyumba — mimi!

Nimeomba kunawa mikono. Naandika nimesimama jikoni. Sasa Mama ananiita. Nakwenda. Nitafungua mwenyewe, nianze na daraja la kwanza, nimwonyeshe moja moja hadi ya ishirini, kisha nimvutie gunia la vitenge vyake kutoka chini ya kitanda. Sarafu haziendi popote!