Pistoni Ile Niliichagua Mimi

Mpendwa Baba mkwe,

Leo ni wiki ya sita tangu tukuzike, na hii ndiyo mara ya kwanza nasema nawe bila kumpitia Mama, mkeo. Miaka saba nimekaa kwenu Ilomba, hapa Mbeya, na katika miaka yote hiyo tulizungumza ana kwa ana siku moja tu. Sikulaumu. Mimi ni Mhehe wa Iringa niliyeolewa kwa Wanyakyusa, na hakuna aliyenionya kwamba kwenu mke wa mtoto na baba wa mume hawatazamani. Siku ya kwanza nilikuletea maji ya kunawa kwa adabu zangu zote, nikakuta umegeukia ukuta. Nikajua nimeshaharibu ndoa kabla haijaanza. Mama akanivuta jikoni akicheka, akasema, "Mwanangu, huyo anakuheshimu. Ukimwona anakuja huku, wewe pita kule."

Basi nikajifunza kupita kule. Wewe nawe ulikuwa na hisani yako: ulikohoa kila ulipofika kwenye kona ya nyumba, nipate nafasi ya kuingia ndani. Wageni walidhani una kifua.

Halafu nikanunua pikipiki. Mtumba, lakini ya safari hasa, ya sisi tunaokwenda mbali na mizigo. Mtaa mzima ulikuwa na la kusema kuhusu mwalimu wa kike na dude kubwa kama lile. Wewe, fundi wa pikipiki mwenye banda lako uani, hukusema kitu. Asubuhi ya pili nilikuta mnyororo umekazwa, umepakwa mafuta, na matambara yamekunjwa vizuri juu ya siti. Ndivyo mazungumzo yetu yalivyoanza.

Kila shule zilipofungwa nilikwenda Iringa kumwona mama yangu. Njia uliijua kuliko mimi. Mbeya mpaka Chimala unateremka, Usangu unakatiza tambarare na joto lake, na baada ya Igawa unaanza kupanda kwenda Makambako. Pale kwenye mlima ndipo nilipokuwa naaibika. Nilikaa nyuma ya malori nikimeza moshi, nikifungua mafuta yote na pikipiki inakoroma tu. Mara moja nilijaribu kulipita lori, nikabaki ubavuni mwake huku basi linakuja mbele yangu. Nilirudi nyuma ya lori. Nikaamua injini ile lazima iongezwe nguvu.

Akiba yangu ilitosha jambo moja, na kwa kubana sana mawili. Nikamtuma Mama aje akuulize nianze na lipi. Alirudi na sura ya mtu aliyebebeshwa mzigo asioujua.

"Baba anasema uanze na pumzi."

"Pumzi ya nani, Mama?"

"Ya pikipiki. Sijui mimi, ndivyo alivyosema."

Alikwenda na kurudi mara tano jioni ile, maskini, mpaka ugali ukaungua. Kwa kinywa chake ulinieleza yote. Nibadilishe chujio la hewa, kwa sababu lile lilikuwa limejaa vumbi la miaka. Kabureta ioshwe, valvu zipimwe. Kisha ninunue sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, yenye meno mawili zaidi. Nitapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare, nitaupata mlimani. Chenji ikibaki, breki. "Mwambie mwalimu," ulisema, "kabla hajajifunza kukimbia ajue atakavyosimama."

Nilikusikiliza, Baba, na mlima wa Makambako ukalainika. Lakini si unamjua mtu akishaonja. Fundi mmoja wa mjini aliniambia, "Madam, hiyo sproketi ni ya wazee. Weka pistoni kubwa na silinda yake, hii kitu itapaa. Malori utayasahau." Bei yake ilikuwa ya kuumiza, ila ilifikika. Nikamtuma Mama tena. Jibu lako lilikuwa refu kuliko yote uliyowahi kunitumia: pistoni kubwa hailetwi peke yake, inataka mafuta zaidi, ubaridi zaidi na klachi imara, na hela yangu haifiki huko. Tena ulisema nisikubali mtu aipunguzie mafuta kwa kupimia hewa ya Mbeya. Huku juu hewa ni nyepesi na injini inaridhika na kidogo, lakini safari yangu inashuka Usangu, ambako hewa ni nzito na injini itadai zaidi. Isipopewa, itajichoma.

Niliitikia kwa kichwa mbele ya Mama kama mwanafunzi mwema. Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa yule fundi. Alifunga pistoni kubwa, na ilipotoa moshi mweusi akaipunguzia mafuta, kwa kupimia hewa ya pale pale mjini. Pistoni na silinda vya zamani nilivifungia kwenye boksi, nikalizungushia utepe wa gundi na kulisukuma chini ya kitanda.

Ulisikia. Niliingia uani, na hata sijavua kofia ngumu Mama akaja. "Baba anauliza mbona injini imebadilika sauti." Nikasema, "Mwambie nimejaza mafuta sheli nyingine." Najiuliza ulifanya uso gani ulipoletewa jibu hilo.

Likizo ikafika. Kutoka Uyole niliyapita malori kama yamesimama, naimba ndani ya kofia. Kabla ya Igawa, jua la saa saba, upepo wa mbele, injini ikalia mara moja kwa ukali na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Imenoki, pistoni imekwama ndani ya silinda. Nilishukuru Mungu sikuanguka. Nikampigia mume wangu, yuko mbali, kazini Makongolosi. Nikampigia Mama nikilia. Akakata, kisha akapiga: "Baba anakuja. Hakuna mwingine. Anauliza aje na nini?" Nikasema kuna boksi chini ya kitanda.

Ulipoteremka kwenye basi nikaenda kusimama nyuma ya kichaka, kitenge kichwani. Ulilifungua boksi, ukavitazama vile vyuma vya zamani, ukajua kila kitu. Ulifanya kazi peke yako muda mrefu nikisikia spana tu. Mwishowe zikanyamaza. Silinda haishuki juu ya pistoni kama hakuna mtu wa kuzibana ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, na mkono wa tatu hukuwa nao. Ulijaribu mara mbili, tatu. Magari yalikuwa yanapita tu.

"Mwalimu. Njoo ushike hapa."

Nilikuja nimeinamisha kichwa. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Usiniangalie mimi, angalia ringi."

Nikazibana kwa vidole, wewe ukaishusha silinda polepole, vichwa vyetu karibu kugusana. Nilikuangalia, nisamehe. Ulikuwa na kovu dogo juu ya jicho na nywele nyeupe masikioni, na mume wangu amechukua mdomo wako wote. Silinda ilipoingia ulisema, "Ndaga, mwanangu," ile asante ya kwenu, ukageuka upande wako, nami nikarudi upande wangu. Hukuniuliza lolote. Ile pistoni iliyoungua uliifunga kwenye gazeti, ukaondoka nayo. Mimi nikafika Iringa usiku sana.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyakumbuka nawe. Yanayofuata ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mwanao aliporudi aliikuta pistoni kwenye meza ya banda lako. Akaja kuniuliza, "Baba ndiye aliyekuwekea hii?" Nikajibu, "Baba ndiye aliyekuwa ananielekeza." Neno la kweli kabisa, na nililitumia kudanganya. Alitoka kwa hasira. Kutoka jikoni nilimsikia akikuambia ungeniua barabarani, na wewe ukamjibu, "Mkeo amefika salama. Vyuma vitanunuliwa." Basi. Nilisubiri uniseme, hukunisema.

Alikwenda kijiweni kwa bodaboda, wateja wako, akasema mzee sasa mikono imechoka. Bodaboda wakaacha kuja kwako, mmoja mmoja, wengi wakahamia kwa yule fundi wa mjini, na hilo ndilo lililokuwa linanikata maini. Mwaka mzima ulikaa bandani ukifuta spana zisizo na kazi. Mwanao alikusalimia kama mpangaji. Mimi niliyaona yote dirishani, na kila siku nilijiambia kwamba mkwe hasemi na mkwewe, kwa hiyo nifanyeje? Mila zenu zilinipa mahali pazuri pa kujificha, nikajificha vizuri kuliko nilivyowahi kujificha kwa heshima. Kisha ukaugua siku tatu tu.

Naona aibu, Baba. Na nimekukosa, kitu ambacho sikujua kinawezekana kwa mtu niliyemwona uso mara moja.

Jana nilimwambia mwanao. Nilimwambia habari za boksi, fundi, ringi, jibu langu, yote kwa mpangilio wake. Barua hii nitaisomea kijiweni Jumapili baada ya ibada, wote waliokukimbia waisikie, ndiyo maana nimeiacha wazi. Mwanao alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja: "Kwa nini hukusema akiwa hai?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, lile la mila, nililolizoea. Sikulitoa. Mwiko ulinikataza kusema na wewe. Lakini yeye nililala naye kitanda kimoja mwaka mzima.

Pumzika, Baba. Hapa sigeuki ukutani.

Mkweo,
Mwalimu