Zamu ya Jumamosi

Kwako dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umesharudi kutoka kazini wodini na umevua viatu, maana najua miguu inavyokusumbua ukisimama siku nzima. Habari za huko? Goti limepoa? Na mtoto ameanza kutembea, au bado anasota kwa makalio kama bibi mwenye nyumba? Sisi huku tu wazima, ule uzima wa kusema tu wazima. Mama ametolewa plasta ya mkono. Pacha wangu ameruhusiwa kutoka hospitali juzi Jumapili. Nakuomba, kabla hujaendelea, ukae chini, na mtoto umpe mtu amshike.

Tulikuambia kwenye simu kwamba jeki iliteleza gari likambana mkono pacha wangu. Ulilia, kisha ukauliza ilikuwa jeki ya aina gani, nami nikakujibu bila hata kumeza mate. Hakukuwa na jeki, dada. Nimejaribu kukupigia mara tatu nikuambie, na mara zote nimeishia kukuuliza kama huko kuna mvua. Ndiyo maana nimeandika.

Mambo yalianza na ile barua yako ya shule zilipofungwa. Silaumu, nataka tu ujue. Ulituandikia kwamba likizo ndefu kabla ya mwaka wa mwisho si ya kuchezea yote wala si ya kujiua kwa vitabu. Masomo magumu yawe asubuhi kichwa kikiwa chepesi, tulale vya kutosha, tutoe jasho kidogo, na siku moja kwa wiki tusiguse daftari. Tulifurahi sana. Tulikaa kwenye meza ya jikoni, tukageuza kalenda ya mwaka jana na kuchora mistari kwa rula. Fizikia na hisabati asubuhi, historia na insha jioni, katikati kazi za nyumbani. Pacha wangu aliweka mpira kila siku, akaongeza nusu saa ya kuoga, nikamwambia tangu azaliwe hajawahi kuoga zaidi ya dakika mbili. Mimi niliandika usingizi wa mchana kwa wino mwekundu. Mama alipita na beseni akasema tusijifanye tumesahau kufua, tukaweka kufua. Ilikuwa ratiba nzuri. Mpaka leo nikiikumbuka naona ilikuwa nzuri.

Baba alirudi kutoka gereji na vumbi la puti ya kuzibia bodi za magari kwenye nyusi. Aliisoma yote amesimama. Halafu akauliza ni nani aliyetufundisha kupumzika kabla hatujachoka. Akasema yeye alifeli mwaka wake wa mwisho kwa sababu hakuna aliyemkaba, na ndiyo maana tangu ana miaka kumi na tisa anavuta rangi ya magari ya watu kifuani. Alisema hatutakuwa kama yeye hata kama itabidi atuvunje. Akaichana kalenda vipande vinne, akampa mama awashie moto.

Kesho yake alileta boneti la gari lililogongwa. Alikuwa amelinyoosha, amelipiga rangi nyeusi, na juu yake ameandika ratiba yake kwa herufi nyeupe, zile herufi zake safi anazoandikia milango ya teksi. Kuamka saa kumi alfajiri. Kulala saa tano usiku. Katikati vitabu, na dakika ishirini za kula, mara mbili. Alilifunga kwenye ukuta wa sebule kwa bolti nne, akasema haya sasa, anayeweza kulichana alichane.

Kwa kuwa mchana yuko kazini, alitupanga tulindane, mimi nimlinde pacha wangu na yeye anilinde mimi. Kila Jumamosi saa nane mchana, akishafunga gereji, alikaa kwenye kiti chake na mkanda wa feni ya gari mapajani, akauliza nani hakufuata ratiba. Jumamosi ya kwanza tulijibu hakuna. Alicheka. Alisema katika miaka yote ya kukagua magari hajaona gari lisilo na mbonyeo, ameona mafundi wasiotaka kuuona tu. Alitupiga kumi na tano kila mmoja, kwa kosa la kufichana. Mama aliingia kati. Baba alimsukumia nje na kumfungia mlango, na mkono wa mama ukabaki kati ya mlango na fremu. Niliusikia ukivunjika. Wewe tulikuambia aliteleza bafuni. Nyumba hii tumekuwa mabingwa wa kuteleza.

Baada ya hapo baba aliweka sheria. Akitajwa mmoja, huyo anapata kumi na mwingine anaachwa. Tukisema hakuna, au aliyetajwa akibisha, wote kumi na tano. Tulipiga hesabu, na kwa mara ya kwanza likizo ile hesabu zikatusaidia kitu. Tukakubaliana kupeana zamu, wiki moja yeye, wiki inayofuata mimi. Tulikuwa tukitunga makosa Ijumaa huku tunaosha vyombo. Pacha wangu alitaka makosa ya heshima. Aliniambia nikimtaja nisiseme alisinzia, niseme alikutwa akiandika barua za mapenzi kwa mke wa mwenyekiti wa mtaa. Tulicheka mpaka mama akatuambia tunyamaze, tutapigwa kabla ya siku yake.

Sitaki kukuficha, nilimchukia baba. Nilikuwa nasoma kemia huku nawaza ni kitu gani pale gereji kinaweza kumuua mtu haraka, na nikawa nimeshapata vitu sita.

Jumamosi ya tano alitajwa pacha wangu. Alivua shati, akashika ukuta kama kawaida. Pigo la nne mkanda ukakatika. Baba alikitazama kipande kilichobaki mkononi kama aliyetukanwa, akageuka, akachukua nyundo ya kunyooshea bodi kwenye mfuko wake wa kazi. Sijui alilenga wapi. Pacha wangu aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, nyundo ikaubana ukutani. Alipiga mara tatu. Ya kwanza nakubali ilikuwa hasira. Ya pili na ya tatu alipiga kama anavyopiga bati, jicho moja amelifumba. Damu ilifika mpaka kwenye zile herufi nyeupe. Kisha akaitupa nyundo, akambeba pacha wangu kama mtoto mchanga, akakimbia naye barabarani akilia kwa sauti. Ni yeye aliyemwambia daktari habari za jeki. Alilia kweli, dada, na bado niliomba afe.

Wamemkata vidole viwili. Vilivyobaki havikunji. Daktari amesema mkono ule hautashika kalamu mwaka huu, na alivyotazama chini nilielewa kwamba si mwaka huu tu. Na unajua ni nani kati yetu aliyekuwa anachora. Majengo yote yaliyo kwenye ukuta wa chumba chetu ni yake, madirisha yamehesabika, ngazi zimehesabika.

Juzi, siku tuliyomtoa hospitali, baba alileta mkanda mpya, akautundika kwenye bolti. Alisema pacha wangu ameshapata yake na shule kwake basi, sasa nguvu zote ni kwangu, lakini swali la Jumamosi liko palepale na atamuuliza kila aliye chini ya paa lake. Leo asubuhi nimekwenda kituo cha polisi kwa miguu yangu. Nimewaambia hakukuwa na jeki. Askari wawili walimfuata gereji. Alimpiga mmoja kwa bomba la kupulizia rangi akampasua shavu, wakamwangusha, wakampiga magoti ya mbavu mpaka akatema jino. Alipopandishwa kwenye gari alinitazama, akasema nitafeli. Nilirudi nyumbani nikachukua nyundo yake nyingine, nikalipiga lile boneti mpaka majirani wakaja. Mama alinizaba vibao viwili kwa mkono wake mzima, akaniambia nimemuuza mume wake. Halafu akakaa kwenye ngazi, akanivuta, akalia begani kwangu. Sijui bado kama amenisamehe.

Baba mdogo anahangaika kumtolea dhamana na anasema kabla ya Jumamosi atakuwa nyumbani. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi la kesho alfajiri akukabidhi mkononi. Nakuomba uje umchukue pacha wangu kabla ya Jumamosi. Mkono wa kushoto unafundishika, na wewe una subira ya kufundisha.

Askari aliandika kurasa nne. Liko jambo moja sikumwambia, na mama hajui, baba hajui. Jumamosi ya pili alitajwa yeye, ya tatu mimi, ya nne yeye. Jumamosi ya tano ilikuwa zamu yangu. Kosa tulikwisha kulitunga, kwamba nilisoma hadithi badala ya fizikia. Vidonda vya mgongoni kwangu vilikuwa bado vinatoa maji, nikauona ule mkanda, na baba alipouliza nikawahi mimi kusema. Nilisema pacha wangu alilala juu ya kitabu. Aligeuka akanitazama. Angeweza kubisha, tungegawana kumi na tano kwa kumi na tano, na huenda leo angekuwa na mkono. Hakubisha. Alianza kufungua vifungo vya shati, kwa mkono uleule wa kulia.

Hajamwambia mtu yeyote, na tangu siku ile hasemi nami. Jana tu, nilipokuwa namlisha supu, aliniuliza Jumamosi hii ni zamu ya nani. Nikamwambia ni yangu. Akasema haya, akafungua mdomo nimpe kijiko kingine. Sikulala. Kulipokucha nikaenda polisi.

Kama nyumba yako haina nafasi ya watu wawili, mimi niache.

Msalimie shemeji, na mtoto mbusu kwenye visigino. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na usilale na nguo mbichi. Pacha wangu hakunituma salamu zozote. Hizi nimekuandikia mimi kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hawezi tena kuandika.

Ni mimi mdogo wako.