Jina la Deo Kwenye Seva

Jumatatu, 7 Juni 2004

Nimewasha seva saa mbili kasoro robo. Feni zake zikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Baridi kali, vidole havikunjiki. Nimechapa mtihani wa Hisabati wa darasa la sita, kurasa nne, nikaanza kutoa kopi. Wino umebaki kidogo.

Barua imefika kutoka kijijini Kaengesa. Baba mdogo wa marehemu Deo anasema Jumamosi ya tarehe 19 ni arobaini. Matanga yataanuliwa na vitu vya Deo vitagawanywa. Duka hili la kuchapa na gemu tulilifungua wawili, Deo na mimi, hapa Katandala. Zile kompyuta ndogo nne ni za kukodi. Vyetu wenyewe ni viwili tu: laptop aliyokuja nayo Deo kutoka Dar, na seva ya mtumba tuliyoipata shirika moja la umma lilipobinafsishwa na kuuza mpaka viti. Barua inasema kimoja kibaki kwangu, kimoja kiende kwa ukoo. "Festo, wewe ndiye fundi. Pima mwenyewe, uchague kwa haki."

Kwa haki. Haya. Kupima ndiyo kazi ninayoiweza, nitapima.

Jumanne, 8 Juni

Nimepima kazi za ofisi. Kuchapa barua, hakuna tofauti. Mikono yangu ndiyo inayochelewesha, si prosesa. Tofauti inakuja mambo yakiwa mengi: printa inatoa, mteja yuko kwenye mtandao, mwingine anafungua faili la shule nzima. Hapo laptop inahema. Seva haina habari.

Prosesa ya laptop imeundwa kubana umeme. Ikipata joto inajipunguza kasi. Ikitoka kwenye umeme ikaingia kwenye betri, inajipunguza tena. Inajua kutunza pumzi. Seva ina prosesa mbili, zote za kukimbia mchana kutwa, na hazijui kujihurumia.

Saa nane mchana umeme umekatika. Seva imekufa pale pale na ukurasa wangu wa Jiografia. Laptop imeendelea. Nimecheka peke yangu, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Alhamisi, 10 Juni

Leo gemu. Ile ya askari wanaowindana ndani ya majengo.

Sikutegemea: mtu mmoja akicheza peke yake, seva haiishindi laptop. Gemu inataka prosesa moja yenye mbio. Ile ya pili inakaa bure kama mgeni wa heshima. Tena kadi ya picha ya seva ni ya kuonea huruma. Lakini wakiunganishwa watu wanne kwa waya, seva inawabeba wote na laptop inakwama.

Wateja wakipungua, nafasi zao zinajazwa na wachezaji wa bandia wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe. Deo ndiye aliyewapa majina. Kuna Dereva, kuna Mzee Chumvi, na kuna Deo. Alijiweka mwenyewe kwa utani, akapanga apende bunduki gani na apite njia gani. Tangu azikwe sijagusa.

Nilichokiona leo nakiandika kama kilivyo. Kwenye seva, yule Deo anakimbia na kuingia vyumbani bila kusita. Kwenye laptop iliyo kwenye betri, akifika mlangoni anasimama. Anasimama kidogo, halafu anaingia. Deo wa kweli alikuwa hivyo hivyo. Hata dukani kwake alikuwa anasimama kizingitini kwanza, kama mtu anayesikiliza walio ndani. Tulimtania sana kwa hilo.

Ni prosesa tu, najua. Imepunguzwa kasi, inachelewa kukokotoa hatua inayofuata, na mlangoni ndipo hesabu zinapokuwa nyingi. Nimerudia mara kumi na mbili. Amesimama mara kumi na mbili. Nimeifunga laptop na kuitupia kitambaa.

Ijumaa, 11 Juni

Nimeichomeka laptop kwenye umeme na kufungua dirisha, baridi yote ya Ufipa ikaingia ndani ili prosesa ipoe. Hasimami. Nimechomoa waya. Anasimama.

Basi ni umeme. Kwenye daftari la vipimo nimeandika: laptop kwenye betri, anasita. Nikafuta nikaandika: inasita.

Jumapili, 13 Juni

Misa ya kwanza. Mama Deo alikuwa benchi la mbele yangu. Baada ya misa wanajumuiya walimzunguka, naye akawasimulia tena. Jinsi mwanawe alivyojitolea kupeleka mitihani ya shule za bondeni. Jinsi alivyosema, Festo pumzika, mimi nitakwenda. Kisha akanishika mkono mbele yao. Shahidi ni huyu, akasema.

Nimeitikia kwa kichwa. Nimekubali. Tena.

Naandika ukweli hapa kwa sababu sijawahi kuuandika popote. Zamu ya kwenda Milepa, kule bondeni, ilikuwa yangu. Nilikuwa kwenye laptop, nacheza. Nilikuwa nakaribia kushinda, jambo lisilotokea mara nyingi. Deo akaniambia lori linaondoka. Nikamwambia nenda wewe, mimi namalizia hapa. Sikumtazama. Mvua za mwisho zilikuwa zimekula barabara ya mteremko, lori likateleza. Mitihani ilipatikana ikiwa mikavu ndani ya nailoni. Yeye hakupona.

Msibani waliponiuliza, ulimi wangu ukasema alijitolea. Sikuupanga uongo huo, ulitoka wenyewe. Sasa ni sifa yake na mama yake anaishi nayo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii yangu ina mwezi mzima na bado naitembea.

Namchukia Festo.

Jumatatu, 14 Juni

Siku mbaya.

Mchana Salum, jirani yangu wa duka la vipuri, alikuja kucheza kama kawaida yake. Makonda wawili nao wakaja. Gemu ikakolea. Sauti ya Salum inafika stendi. Akawa anapiga kelele: nimemuua Deo. Kisha: Deo kafufuka, yuko nyuma ya ukuta. Kisha: Deo kafa tena.

Nimezoea. Wiki zote hizi nimeisikia bila kuisikia. Nilipogeuka, Mama Deo alikuwa mlangoni na kikapu chake cha maharage. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

Salum alimwona, akaacha kila kitu, akasema shikamoo mama kwa sauti ndogo, akatoka. Makonda nao wakamfuata.

Nilimwekea kiti. Hakukaa. Akauliza, "Nani amekufa, Festo?"

Nikamweleza. Kwamba ni jina tu ndani ya mashine. Kwamba Deo aliliweka mwenyewe akiwa hai. Nilieleza mpaka habari za prosesa, mjinga mimi, kana kwamba mama aliyezika anataka kusikia habari za prosesa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba katika ukoo wao jina la marehemu haliitwi ovyo kabla ya matanga. Linatulia. Siku ya matanga anachaguliwa mtu wa kulirithi, anavishwa nguo ya marehemu, na kuanzia hapo mama wa marehemu anamwita na kumtuma kama mwanawe. Hivyo jina linapata pa kukaa.

"Ninyi mnamwita kila siku," akasema. "Mnamwita, mnamuua, mnamwita tena. Ndiyo maana hatulii."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Ameniachia maharage kidogo kwenye sahani na kwenda zake.

Jumanne, 15 Juni

Nimefuta jina kwenye seva. Nimeweka "Kompyuta 1". Dakika mbili za kazi. Nimecheza kuhakikisha. Hayupo. Nimezima seva saa kumi na moja nikafunga duka. Nimekula vizuri, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Jumatano, 16 Juni

Nimewasha seva saa mbili. Salum kaingia kucheza, nafasi zikajazwa. Dereva. Mzee Chumvi. Deo.

Salum amenyanyuka bila kumaliza. Amesema yeye na jirani yake ni wa amani lakini humu hatakanyaga mpaka nilete mtu wa kusoma dua, au padri, yeyote mwenye nafasi.

Nimeketi mbele ya kioo nikimwangalia akikimbia vyumbani. Nimeogopa kwelikweli, mwili mzima. Mimi, fundi.

Alhamisi, 17 Juni

Nimelala vibaya, ila asubuhi akili imerudi. Nimepekua mafaili mpaka nikapata. Deo aliipanga seva, kila ikiwashwa, ijinakilie folda ya mchezo kutoka kwenye laptop. Aliiamini laptop kuliko seva, kwa sababu ya umeme wa hapa. Kwa hiyo mimi nafuta huku, asubuhi analetwa kutoka kule. Hakuna jini. Kuna mtu mwangalifu aliyepanga kazi yake vizuri.

Nilitegemea nafuu nikijua. Sikuipata. Maana sasa ili atulie inabidi nimfute kwenye laptop yenyewe, na huko ndiko anakosimama mlangoni.

Nimeifungua. Nimefika kwenye jina. Kidole kimekataa. Nikijifanya nasubiri amri ya ukoo, najidanganya. Namwogopa, na sitaki aondoke. Yote mawili.

Ijumaa, 18 Juni

Hesabu ya mwisho, kwa ajili ya kesho. Seva: kazi nyingi, watu wengi, ila inataka umeme wa uhakika. Laptop: mtu mmoja, kazi ndogo, popote, hata gizani. Gemu ya mtu mmoja, sare. Kwa duka seva ni bora. Kwa kijijini Kaengesa, ambako umeme haujafika, seva ni sanduku la kuwekea kuku.

Haki iko wazi: laptop iende, seva ibaki. Na mimi ndiye ninayebaki na yenye nguvu. Nimepima vizuri mno.

Jumamosi, 19 Juni

Nitaandika haraka kabla moyo haujageuka.

Matanga nyumbani kwa Mama Deo. Watu wengi, wa Kaengesa na wa hapa. Ugali, maharage, nyama ya ng'ombe. Koti la Deo, lile la kahawia, lilikuwa limekunjwa juu ya kiti. Wazee walikwisha kubaliana kwamba jina litakwenda kwa binamu yake, mwalimu, mtu mpole.

Kwanza vitu. Baba mdogo aliniita mbele na kuniuliza ipi ni bora. Nikaeleza kama nilivyoandika jana. Wakanisikiliza kwa heshima. Mtu mmoja akasema, huyu kijana anajua. Nilikuwa karibu kukaa.

Mama Deo akauliza, "Siku ile Deo alikuwa anatumia ipi?"

Swali dogo tu. Nadhani alitaka kujua ni ipi iliyoguswa mwisho na mikono ya mwanawe. Ningeweza kutaja yoyote na watu wangeendelea kula.

Nikasema, "Hakuwa anatumia yoyote, mama. Mimi ndiye nilikuwa kwenye laptop. Nilikuwa nacheza. Zamu ya safari ilikuwa yangu. Hakujitolea. Nilimtuma."

Baba mdogo alisimama. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Binamu akaanza kuniambia maneno, wakamzuia. Mama Deo aliinamisha kichwa, mtu akataka kumletea maji. Nilikuwa nimesimama tu. Sikuwa na pa kuweka mikono.

Kisha akainuka, akachukua lile koti kwenye kiti, akaja nalo. Akanivika yeye mwenyewe, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, akanifunga kifungo cha juu kama mtoto wa shule. Wazee wakanung'unika kwamba si wa damu yao, kwamba haijawahi kuwa hivyo, kwamba huyu ndiye wa kufukuzwa.

Akawaambia, "Aliyemtuma ndiye atakayerudi."

Mimi nililia mbele ya watu. Sijui kama alinisamehe au alinihukumu. Sikuuliza na sidhani kama nitauliza.

Jumapili, 20 Juni

Baba mdogo ameondoka na laptop. Kabla hajaipokea nilimwomba dakika mbili. Nilifika kwenye jina nikalifuta, pamoja na majina mengine aliyoyapanga, huko na kwenye seva. Safari hii kidole hakikukataa. Baba mdogo hakuniaga.

Koti ni kubwa mabegani.

Jumatano, 23 Juni

Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka ndani ya kibodi. Seva imewaka vizuri. Salum amerudi kucheza, ananong'ona. Nafasi zilizobaki zimejazwa na wachezaji wasio na majina. Hawana tabia yoyote. Wanakimbia tu.

Saa nne nilikuwa nachapa mtihani wa Kiswahili, katikati ya swali la saba. Mama Deo amepita barabarani, akasimama nje. Hakuingia. Ameita, "Deo."

Salum aliganda na mkono hewani. Nimeangalia mlangoni, nikaangalia kioo. Ilichukua muda kidogo.

Nimeitika, "Naam, mama."

Amesema kuna gunia la mahindi la kupeleka mashineni. Nimeacha swali la saba likiwa nusu, nimejitwisha gunia, nimekwenda.